Usafi wa Mazulia Katika Nyumba za Njombe na Makambako

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho watu hukikanyaga kila siku wala wasikitazame, yaani zulia. Huenda mmoja wenu atasema, "Zulia ni jambo la wenye mali, sisi twakalia mkeka." Twamwomba asiondoke upesi, kwani mkeka utatajwa, na ngozi ya ng'ombe itatajwa, na tena liko jambo moja tutakalosimulia mbele ambalo lingeweza kuua watu katika nyumba yo yote, kubwa au ndogo.

Kwanza yatupasa kueleza sababu ya kuitaja miji miwili pamoja. Njombe iko juu sana, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Makambako iko upande wa kaskazini, mwendo wa kilomita 60 hivi kwa barabara, nayo iko chini kidogo. Yote miwili ni ya Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Iringa mwaka 2012. Lakini kwa mtu mwenye zulia, miji hii ni kama nchi mbili mbalimbali. Huko Makambako adui ni vumbi. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya hukutana hapo na ile iendayo Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina kituo chake hapo. Malori hupita usiku na mchana, na upepo wa mahali pale haumsahau mpita njia wala mpita njia hausahau. Huko Njombe adui ni maji. Mvua huanza mwezi wa Novemba, ikaendelea hata Aprili au zaidi. Na mvua zikiisha huja ukungu na baridi ya Juni na Julai, ambayo nguo ya kawaida tu hukaa kambani siku mbili na kuondolewa ingali mbichi. Basi mtu akihama kutoka mji mmoja kwenda mwingine, akalitunza zulia lake kwa desturi ya huko alikotoka, hana budi kuliharibu. Twasema hivi kwa kuwa sisi wenyewe tuliliharibu.

Tuanze na nyumba ya bibi mmoja mzee, jirani yetu pale Njombe. Sakafu yake ni ya udongo uliopigwa ukawa mgumu. Juu yake amelaza ngozi ya ng'ombe mahali pa kukaa wageni, na mkeka wa ukindu ulioletwa na mjukuu wake kutoka pwani. Kila asubuhi bibi huyu huondoa vyote viwili kabla ya kufagia. Twasema tena, kabla ya kufagia. Maana watu wengi hufagia juu ya mkeka na kuiacha taka iliyo chini yake, na huko chini ndiko viroboto hutaga mayai na funza hukaa katika vumbi. Bibi hunyunyiza maji kidogo sakafuni ili vumbi lisiruke, hufagia mpaka pembeni, kisha huuning'iniza mkeka juu ya ua uliojengwa kwa fito za miwati na kuupigapiga kwa mkono, upande huu na upande huu. Ngozi haipigi, huikung'uta na kuiweka juani, manyoya yakielekea chini. Maji hayatumii kwa ngozi hata siku moja, kwani ngozi iliyolowa hukunjamana na kunuka. Mkeka huupangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, mara moja kwa juma, siku ya jua tu.

Tulimwuliza, "Bibi, mbona unajisumbua kila siku, hali mkeka unaonekana safi?" Akacheka, akasema, "Mwanangu, ukingoja uuone uchafu, umekwisha kulala nao."

Sasa na tushuke Makambako, kwa shemeji yetu mfanya biashara, ambaye nyumba yake haiko mbali na barabara kuu. Sebuleni ana zulia kubwa jekundu lenye manyoya mafupi. Katika nyumba ile ufagio haupumziki. Lakini tulipolichunguza jambo hili tuliona kwamba werefu wa kazi hauko katika ufagio, uko mlangoni. Nje ya mlango ameweka gunia kuukuu lililokunjwa mara mbili, la kufutia viatu. Ndani ya mlango ameweka kitambaa chenye unyevu kidogo. Kisha pana ubao wa kuwekea viatu. Hakuna avukaye hapo na viatu vyake, awe mtoto, awe mgeni, awe mzee wa heshima. Yako makabila na watu wanaoona haya kumwambia mgeni avue viatu, nasi twaielewa haya hiyo. Yeye shemeji hasemi neno lo lote: yeye mwenyewe huvua vyake mbele ya mgeni, naye mgeni hufuata.

Kwa nini vumbi la barabara liogopwe hivyo? Si kwa sababu ya kuonekana tu. Mchanga ukitazamwa kwa kioo kinachokuza vitu huonekana kuwa vipande vyenye kona kali. Vipande hivyo huteremka mpaka kwenye mizizi ya manyoya ya zulia, na kila mtu akanyagapo, hukata nyuzi kama kisu kidogo. Mwenye nyumba hushangaa kuona zulia lake limekuwa na kipara katikati, humlaumu muuza duka, kumbe ni mchanga wake mwenyewe uliolinyoa. Kwa hiyo zulia la Makambako lataka kupigwa kuliko kufuliwa. Kila Jumamosi asubuhi, kabla upepo haujawa mkali, shemeji na watoto wake hulibeba zulia mpaka nyuma ya nyumba, penye majani, mbali na barabara. Hulitundika juu ya mti ulionyoka, upande wa manyoya ukielekea chini, na kulipiga mgongoni kwa fimbo pana. Kwani ukilipiga kwa mbele wausukuma mchanga ndani zaidi, bali ukilipiga kwa nyuma mchanga huanguka chini kwa njia ile ile ulioingilia. Apigaye husimama upande utokako upepo. Mtoto mmoja alisimama upande wa pili siku tulipokuwapo, akarudi ndani na uso wa rangi ya tofali.

Nyumba ya tatu ni ya mwalimu mmoja, nayo iko Njombe. Huyu ametumia akili iliyotoka katika mashamba yaliyomzunguka. Mwajua kwamba nchi ya Njombe hulima chai. Basi mwalimu huyu hayatupi majani ya chai yaliyokwisha kupikwa. Huyakusanya kwa siku mbili tatu, huyasuuza kwa maji mpaka rangi iishe, huyakamua kwa mkono mpaka yasitone, kisha huyatawanya juu ya zulia na kufagia polepole kuelekea mlango mmoja. Majani yenye unyevu huligandisha vumbi lisipande hewani. Desturi hii si ngeni; wanawake wa Uingereza walikuwa wakiitumia katika karne ya 19. Ila inayo hatari yake: zulia jeupe au la rangi hafifu hutiwa madoa na chai hata iliyosuuzwa, na majani yakiachwa usiku kucha huota kuvu. Mwalimu alianza kuyatumia kwa sababu ya mtoto wake wa kike, ambaye ana pumu na kila siku ya kufagia alikuwa akikohoa mpaka jioni.

Hapo pafaa tuseme neno juu ya pumu. Katika mazulia, hasa yenye unyevu, huishi wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho, ambao chakula chao ni vipande vya ngozi kavu vinavyopukutika miilini mwetu. Hawaumi wala hawanyonyi damu. Lakini uchafu wao ukipanda pamoja na vumbi huweza kuwaamsha ugonjwa wale wenye pumu, na ufagio mkavu ndio unaoupandisha. Kama katika nyumba yako yuko mtoto apumuaye kwa sauti usiku, usilaze zulia katika chumba chake cha kulala. Sakafu tupu yenye kupanguswa kwa kitambaa kibichi yamfaa kuliko zulia lililo zuri namna gani. Mwalimu naye alifika hapo mwisho: zulia limebaki sebuleni, chumbani mwa mtoto pana sakafu ya saruji na ndara.

Juu ya mashine ya umeme ya kufyonza vumbi hatutasema mengi, maana si wengi walio nayo, na aliye nayo hupewa karatasi yake ya maelezo. Tutasema tu kwamba mwaka 1901 mhandisi mmoja wa Uingereza, Hubert Cecil Booth, alitengeneza mashine ya namna hiyo iliyokuwa kubwa hata ikakokotwa na farasi. Ilisimama njiani na mipira mirefu ikapitishwa madirishani. Mwaka uliofuata ilitumiwa kusafisha zulia la kanisa la Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Mashine za siku hizi huchukuliwa kwa mkono mmoja. Tulikutana na mama mmoja wa Makambako aliyenunua moja. Mfuko wake wa vumbi hujaa upesi, na watu wa nyumbani wasipoumwaga mashine hunguruma tu pasipo kufyonza kitu.

Madoa nayo hayafanani. Tope jekundu la Njombe, ambalo kila mtu hulikimbilia kwa kitambaa kibichi, ndilo lisilotaka haraka: liache likauke kabisa, ulivunje kwa vidole, ulipige burashi, kisha ufagie, kilichobaki ndicho cha kupangusa. Ukilifuta lingali bichi, walitia rangi zulia lako. Chai na ulanzi ni kinyume: hapo usingoje hata dakika moja. Bonyeza kitambaa kikavu juu ya doa, usisugue, kigeuze, bonyeza tena mpaka kisilowe. Ndipo utie maji baridi kidogo na kubonyeza vile vile, ukianzia ukingoni kuelekea katikati ili doa lisipanuke. Ulanzi usipotolewa huacha utamu, na siku ya pili sisimizi watakuonyesha mahali ulipomwagika. Doa la parachichi ni mafuta. Kwangua kwa kisu butu, nyunyiza unga wa mahindi, uache usiku kucha unywe mafuta, ufagie asubuhi, na mwisho ndipo utumie povu la sabuni.

Sasa twafika katika nyumba ya nne, nayo ni yetu.

Tulikuwa tumehamia Njombe kutoka Makambako, tukiwa na zulia la sufu tulilopewa siku ya arusi. Kule tulikuwa tumezoea kulifua mara moja kwa mwaka, kulitundika, na kulirudisha ndani siku ya pili jioni, likiwa kavu kwa nguvu za upepo. Tulipokuwa Njombe, mwezi wa Juni, wageni walikuwa wakija. Tukalifua vile vile kwa ndoo nyingi za maji na sabuni ya unga. Siku ya kwanza pakawa na ukungu. Siku ya pili pakawa na ukungu na manyunyu. Siku ya tatu zulia lilikuwa zito kama mwanzo, nalo limeanza kunuka. Wageni walikuwa njiani. Tukaliingiza ndani, tukalitandaza juu ya viti, tukawasha jiko la mkaa lililojaa, tukaliweka katikati ya chumba, tukafunga madirisha na kuziba nafasi iliyo chini ya mlango kwa kitambaa, ili joto lisitoroke. Nasi, kwa kuwa usiku ule ulikuwa wa baridi kali na chumba kile kilikuwa na joto tamu, tukalala humo pamoja na watoto.

Yapata saa tisa za usiku mtoto wetu wa pili alitapika. Mmoja wetu aliamka kumsaidia, akaona kichwa chamgonga na miguu haimchukui, akaanguka. Mwingine alifikiri ni chakula kibaya. Tulimwita mtoto mkubwa, hakuitika. Hapo ndipo mmoja wetu alipotambaa kwa magoti mpaka mlangoni, akakivuta kitambaa, akafungua. Twaamini kwamba kama mtoto yule asingetapika, maneno haya yangesemwa na watu wengine. Majirani walitutoa nje mmoja mmoja, na asubuhi tulipelekwa hospitali. Mtoto mkubwa alizinduka kabla hatujafika, akaomba maji.

Mkaa uwakao mahali pasipopata hewa ya kutosha hutoa hewa yenye sumu, isiyo na rangi, isiyo na harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Mtu huivuta pasipo kujua. Ikiingia katika damu hushika mahali pa hewa njema, na viungo hukosa nguvu kabla akili haijatambua hatari. Aliyelala huweza kufa usingizini. Mkaa usiotoa moshi tena, uliokuwa mwekundu mzuri, ambao watu hudhani ni salama, huitoa vile vile. Jiko lisilale ndani pamoja na watu. Likiwa ndani wakati wa kupika, dirisha liwe wazi, hata mwezi wa Julai. Na watu wawili wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja karibu na jiko, watoke nje kwanza, waulizane sababu baadaye, kisha waende hospitali.

Jirani yetu bibi mzee alikuja kututazama. Alilitazama zulia, akalinusa, akasema, "Mkeka wangu una miaka mingi, lakini haujapata kunipeleka hospitali." Hatukuwa na jibu.

Wala zulia lenyewe halikupona. Manyoya yalikauka juu, lakini mgongo wake, uliofumwa kwa nyuzi nene, ulibaki na maji ndani, ukaota kuvu nyeusi, ukakatika ulipokunjwa. Mmoja wetu hapo zamani alikuwa akidai kwamba baridi huhifadhi vitu, akatoa mfano wa zulia lililochimbuliwa mwaka 1949 katika milima ya Altai huko Siberia, ndani ya kaburi lililojaa barafu, lenye umri upitao miaka 2,000, na michoro yake ingali yaonekana. Mfano huo ni wa kweli. Lakini kule maji yaliganda yakawa jiwe. Baridi ya Njombe hulowesha tu, na kuvu hustawi humo.

Zulia tulilonunua baadaye ni la nyuzi za kiwandani, si la sufu, kwani halinywi maji mengi, ijapokuwa kaa la moto likiliangukia huyeyuka papo hapo na kuacha tundu. Kwa muda wa mwaka mzima hatulifui. Twalipiga mgongoni kila siku ya jua, na mahali palipochafuka twapasafisha kwa povu tupu: twapiga maji na sabuni kidogo katika beseni, twachukua povu la juu kwa burashi laini, twapitisha, twapangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa. Sabuni isipotolewa yote hunata, na vumbi hushikwa hapo kuliko kwanza. Wengi hulaumu zulia kuwa lachafuka upesi baada ya kufuliwa, na kosa ni la sabuni iliyobaki.

Kulifua kabisa twalifua mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, na hatulifulii Njombe. Twalikunja, twalifunga kwa kamba, twalipandisha juu ya basi, linateremka Makambako kwa shemeji. Yeye kwanza hulipiga mpaka vumbi liishe, kwani mchanga ukilowa huwa tope ndani ya manyoya. Kisha hulitandaza juu ya saruji yenye mteremko, hulifua kwa maji baridi, hulisuuza mpaka maji yatiririkayo yawe meupe, na kuyasukuma maji yaliyobaki kwa ubao kuelekea upande wa chini, mara nyingi, mpaka lisitone. Hulitundika nyuma ya nyumba juu ya miti miwili iliyoachana, ili upepo upite katikati, mgongo ukielekea jua, rangi isipauke. Jioni huingiza mkono chini ya pindo la katikati, mahali panapokauka mwisho. Pakiwa na ubaridi, zulia hubaki nje ya nyumba chini ya paa mpaka kesho. Likikauka hulipiga tena kidogo, kwa sababu ya vumbi lililokuja na upepo ule ule uliolikausha.

Siku ya tatu zulia hurudi Njombe kwa basi. Ujira wake ni debe moja la viazi, nalo hupelekwa na basi hilo hilo lirudipo Makambako. Mwaka jana shemeji alituletea habari kwamba debe lilikuwa halijajaa sawasawa, na kwamba zulia letu ni kubwa kuliko tulivyomwambia. Tumekubali kuongeza.

Kwaherini.